Mbiu ya Nyumba ya Zumbe

Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye mabonde ya Irente, Elinuru alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kumshikia mama yake ndoo akikamua ng'ombe, kisha kuyapeleka maziwa barabarani kwa mkusanyaji. Ya pili hakutumwa na mtu. Alikuwa akitoa mfukoni kidomo cha tarumbeta, kile kipande cha shaba cha kuwekea midomo, na kukipuliza njia nzima mpaka mashavu yamuume. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na katika bendi ya matarumbeta ya usharika wao hakukuwa na mwingine mdogo kama yeye.

"Usimpulizie ng'ombe sikioni," mama yake alimwambia Alhamisi ile. "Akishtuka atazuia maziwa, na wewe ndiye utakayekunywa chai ya rangi."

"Leo tuna safari, mama. Nafanya mazoezi mapema."

"Haya. Ila huko makumbusho ukawe mtoto wa watu. Usije ukanitia aibu."

Darasa la sita lilisafiri kwa Kosta ya kukodi. Dereva wake, Alphonce, alikuwa mtu wa kulalamika. Alilalamikia mawe ya barabara, kona za barabara, hata mawingu yaliyokuwa juu ya barabara. Walikuwa wanakwenda Kwemshai, kijiji kilicho upande wa Mlola, kuona nyumba ya zamani ya zumbe. Mwalimu Lusajo, aliyekuwa amehamia shuleni kwao kutoka Tukuyu, alisimama kati ya viti akawaeleza.

"Zumbe ni nani?"

"Ni chifu, mwalimu!" darasa liliitikia.

"Vizuri. Baada ya uhuru, uchifu uliondolewa. Nyumba ikabaki. Familia ikawapa wanakijiji, nao wameifanya makumbusho. Humo mtaona vitu vilivyotumiwa na watu wa zamani."

"Kwa hiyo ni nyumba ya vitu vilivyostaafu," alisema Paskali, rafiki yake Elinuru, ambaye hakuweza kukaa dakika mbili bila kuchekesha watu. Darasa lilicheka. Mwalimu naye alicheka.

Nyumba ilijengwa juu ya kilima, kuta za mawe, milango ya mbao za mwangati. Mbele yake kulikuwa na baraza pana lenye ngazi za mawe, na ukisimama pale uliliona bonde zima: mashamba ya kabichi, karoti na viazi yaliyopangwa kwa matuta, na mbali chini, lori la mnunuzi wa mboga limeegeshwa kando ya barabara. Watu wadogo kama siafu walikuwa wakivuna na kujaza matenga.

Mlinzi wa nyumba aliitwa Bi Nasra. Alikuwa mjukuu wa zumbe wa mwisho, mama mnene mwenye miwani na kicheko cha karibu.

"Shikamoo!" wanafunzi waliamkia kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Onga mshi!" Wanaojua Kishambaa waliitikia, Mwalimu Lusajo akatabasamu tu. "Karibuni kwa babu. Msiogope, yeye hayupo, amebaki kwenye picha."

Aliwaonyesha kigoda cha zumbe, ngao ya ngozi, vibuyu vya dawa, na picha ya zumbe mwenyewe akiwa amevaa kanzu na kofia, uso wake mkali kama wa mtu aliyedaiwa chenji. Hayo ya chenji aliyasema Paskali, kwa sauti ya chini. Kila kitu kilikuwa nyuma ya kamba, isipokuwa kimoja. Ukutani, karibu na mlango wa kutokea barazani, ilining'inia pembe nyeusi ya nyati, imening'inizwa chini kiasi kwamba hata Rahma, aliyekuwa mfupi kuliko wote darasani, angeweza kuigusa.

"Hii ni mbiu," alisema Bi Nasra. "Zumbe alipotaka watu wake, mpigaji alisimama barazani akaipuliza. Mnaijua methali?"

"Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo!" darasa likapaza sauti.

"Basi. Hii msiiguse. Hii bado inafanya kazi."

Wengine walicheka, wakidhani ni mzaha. Bi Nasra alitaka kuendelea kueleza, lakini Rahma alishika tumbo akasema anasikia kichefuchefu. Kona za barabara zilikuwa zimemfanyia kazi. Bi Nasra akamshika mkono, akawaongoza wote kwenda jikoni, uani, ili apate maji ya tangawizi na wengine waone mawe ya kusagia.

Elinuru hakutoka. Alibaki akiitazama ile pembe. Ubavuni, karibu na ncha, ilikuwa na tundu lililosuguliwa na midomo ya watu mpaka likang'aa. Paskali alirudi kumtafuta.

"Unaiangalia kama unataka kuioa."

"Tundu lake liko ubavuni. Tarumbeta hupulizwa mwisho."

"Hiyo imekufa zamani. Hata wewe, fundi wa bendi, hutoi kitu humo."

"Nikitoa?"

"Hutoi. Utatoa mate."

Elinuru aliangalia mlango wa uani. Hakukuwa na mtu. Alijiambia kwamba atapuliza kidogo tu, pumzi ya kujaribu. Aliitoa pembe ukutani, akatoka nayo barazani kwenye mwanga, akakaza midomo kama alivyofundishwa kwenye bendi.

Kama angekuwa Paskali, pangetoka upepo na mate, na mambo yangeishia hapo. Lakini midomo ya Elinuru ilikuwa midomo ya mazoezi. Pembe ilinguruma. Sauti nzito, ndefu, ikatoka pale barazani, ikashuka bondeni, ikagonga mlima wa pili na kurudi, kana kwamba kuna mtu mwingine kule ng'ambo aliyeitikia.

Paskali alishangilia. "We bwana! Kumbe haijastaafu!"

Elinuru hakushangilia. Alikuwa anatazama chini. Kule bondeni, wale watu wadogo walikuwa wamesimama wima, wote kwa pamoja. Halafu mmoja akaanza kukimbia. Halafu wote.

Hawakukimbia kwenda mbali. Walikuwa wanapanda kilima, wanakuja kwao.

Bi Nasra alitokea mlangoni akihema, kanga imemporomoka begani. Hakupiga kelele. Alitazama ukuta mtupu, kisha pembe, ambayo Elinuru alikuwa ameilaza haraka juu ya ukuta mfupi wa baraza, kisha bonde.

"Yarabi," alisema. "Nani?"

Mwalimu Lusajo alifika na darasa zima nyuma yake. "Kuna nini, mama?"

"Mwalimu, mbiu hii hailii ovyo. Huku mtandao wa simu unapatikana juu ya mwamba tu. Kwenye mvua za masika ya juzi juzi mlima uliporomoka usiku, ukafukia nyumba. Mbiu ndiyo iliyoita watu, wakafukua kwa majembe mpaka asubuhi. Tangu siku hiyo ikilia, hakuna anayeuliza. Wanakuja." Alifunga macho kidogo. "Na sasa wanakuja."

"Nani amepuliza?" aliuliza mwalimu kwa ukali.

Elinuru alifungua mdomo. Akaufunga tena. Paskali aliangalia sakafu. Hakuna aliyejibu, na kila sekunde iliyopita ilifanya jibu liwe zito zaidi.

"Turudishe watu kwanza!" alisema Rahma. "Tuwapungie wasije!"

Wanafunzi walikimbilia ukingo wa baraza, wakapunga mikono yote miwili, wakipiga kelele: "Rudini! Hakuna kitu! Rudini!" Elinuru alipunga kuliko wote, mpaka mabega yakamuuma. Lakini upepo ulikuwa unatoka bondeni, ukiwarudishia sauti zao usoni. Watu kule chini hawakusikia neno. Waliona tu watoto wengi juu ya kilima wanapunga mikono. Wakazidisha mbio.

"Acheni!" alisema Bi Nasra. "Wanadhani mnawaita."

Mikono ikashuka. Paskali, uso umemsawajika, alinong'ona, "Si apulize tena, aliyepuliza? Awaambie wasije."

"Ikilia mara ya pili maana yake ni harakisheni. Hakuna mlio wa kusema rudini, mwanangu. Wazee hawakuuweka."

Basi wakabaki pale. Darasa zima, mwalimu na mwenye nyumba walisimama barazani, wakiwatazama watu wakipanda, na hakukuwa na lolote la kufanya. Elinuru aliwaona wanaume waliokuwa wakipakia lori wameacha matenga njiani. Aliona kabichi zikiviringika kwenye mtelemko na hakuna aliyegeuka kuziokota. Alimwona mzee akianguka, akishikwa mkono, akiinuka. Kilichomuumiza zaidi ni walichobeba. Kila mtu alikuja na jembe, au sepetu, au kamba. Walikuja tayari kumfukua mtu.

Alitamani sauti ile iwe kitu cha kushikika, aikimbilie, aikamate mkia, airudishe ndani ya pembe. Lakini sauti haina mkia.

Wa kwanza kufika alikuwa mwanamke kijana aliyepanda bila viatu, jembe mkononi, matope mpaka magotini. Alipita katikati ya wanafunzi kana kwamba hawapo, akamshika Bi Nasra mabega.

"Wapi, shangazi? Ni kwa nani? Nani amefukiwa?"

"Mwanamisi, tulia. Pumua kwanza."

"Hamisi wangu yupo shuleni. Ni shule? Niambie, ni shule imeporomoka?"

"Siyo shule. Mtoto wako ni mzima. Kaa chini."

Mwanamisi alikaa kwenye ngazi, akaanza kutetemeka mwili mzima. Elinuru alielewa bila kuambiwa. Nyumba iliyofukiwa ilikuwa yake.

Baraza likajaa, na uwanja wa mbele ukajaa. Watu walisimama na majembe yao, jasho likiwatiririka ingawa hewa ilikuwa ya baridi. Hakuna aliyepiga kelele. Kisha Mzee Idrisa, mwenyekiti wa kijiji, alipanda ngazi, akavua kofia.

"Mbiu imelia," alisema. "Tumekuja. Nani mwenye jambo?"

Rahma alimuuliza Bi Nasra kwa kunong'ona maana yake, naye akajibu bila kugeuka: "Ndiyo kawaida yetu. Aliyepuliza ndiye anayesimama na kusema jambo. Watu hawaondoki mpaka jambo lisemwe."

"Nani mwenye jambo?" mwenyekiti alirudia.

Chini bondeni, lori lilipiga honi, mara mbili, tatu. Mnunuzi alikuwa amechoka kungoja. Watu waligeuza shingo, wakaliona likiingia barabarani na kuondoka taratibu, nusu tupu, na matenga yao yakiwa yametapakaa njiani. Mtu mmoja aliguna. Hakuna aliyeondoka mahali pake, kwa kuwa jambo lilikuwa bado halijasemwa.

Bi Nasra alirekebisha kanga yake, akapiga hatua mbele. "Mwenyekiti, mlinzi wa mbiu ni mimi. Niliacha chumba bila mtu. Kama kuna wa kulaumiwa—"

"Nasra, tulikupa kazi moja," alimkata mzee mmoja. "Moja tu! Basi hiyo pembe ifungiwe kabatini, na ufunguo apewe mwingine."

"Ifungiwe!" wengine waliitikia.

Elinuru alimtazama Bi Nasra. Mama yule aliyekuwa na kicheko cha karibu alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyepewa adhabu. Alikuwa anajua, bila shaka, kwamba mpulizaji yumo kati ya wanafunzi wale. Hata hivyo hakunyoosha kidole.

Elinuru alitoka kati ya wenzake. Alisimama mbele ya watu, pembeni mwa Mwanamisi, akashindwa kujua aweke wapi mikono.

"Shikamooni," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. Akairudia. "Shikamooni wazee wangu. Aliyepuliza ni mimi. Naitwa Elinuru. Bi Nasra alitukataza. Hakuna jambo. Hakuna aliyefukiwa. Nilitaka tu kuona kama italia."

Kelele zikalipuka.

"Kuona kama italia!"

"Kabichi zangu zioze kwa ajili ya kuona kama italia?"

"Mtoto wa nani huyu?"

Elinuru alilia. Hakujificha. Paskali naye, mwenye utani kila wakati, alijikokota akasimama karibu yake. "Nilimchokoza mimi," alisema. "Nilimwambia hawezi."

Mwalimu Lusajo alikuja akasimama nyuma yao, mkono mmoja kwenye bega la kila mmoja. "Wazazi wangu, wanafunzi hawa ni wangu. Niliwaambia makumbusho ni mahali pa vitu vya watu wa zamani, hata nikacheka waliposema vimestaafu. Kumbe hiki hakijastaafu. Hilo ni kosa langu. Kuhusu mboga, tuna Kosta hapa. Itazipeleka sokoni mjini. Na wanafunzi wangu watazibeba kutoka mashambani mpaka kwenye gari."

"Kosta yangu?" alisema Alphonce kutoka nyuma. "Ipakie kabichi? Viti vyangu vya kitambaa?"

"Ndugu Alphonce," alisema mwalimu, "watazame watu hawa."

Alphonce aliwatazama. Alimtazama Mwanamisi na miguu yake iliyochubuka. Akakuna kichwa. "Basi karoti zioshwe udongo kwanza," alisema. Katika hali nyingine watu wangecheka.

Mwenyekiti aliinua mkono. "Jambo limesemwa. Mboga zitakwenda. Limebaki la mbiu. Wenzenu wanasema ifungiwe. Mnasemaje?"

Mwanamisi ndiye aliyejibu, akiwa bado ameketi kwenye ngazi. Hakumtazama Elinuru.

"Usiku ule tulipofukiwa, watu wazima wengi walikuwa matangani kijiji cha pili. Aliyetoka mbio akaichukua mbiu ni Elieshi, binti wa jirani yangu, wa darasa la tano. Ingekuwa kabatini, angekuwa anatafuta ufunguo, na Hamisi wangu yuko chini ya udongo. Leo nimepanda hapa roho iko mkononi. Nina hasira, sijui nitalala vipi. Lakini ibaki palepale."

"Basi ibaki," alisema mwenyekiti, akavaa kofia yake.

Mchana ule wote wanafunzi walishuka na kupanda. Walisokota ngata za majani ya migomba, wakajitwika matenga, wakafuata vinjia vya matuta mpaka kwenye Kosta. Elinuru alibeba kabichi za Mwanamisi. Mara mbili za kwanza Mwanamisi alimjazia tenga tu, mara ya tatu alimrekebishia ngata kichwani, akasema, "Shingo wima, la sivyo utaumia." Ni hilo tu. Hakusema amesamehe, na Elinuru hakuthubutu kuuliza.

Si mboga zote zilizookolewa. Zilizoviringika korongoni zilibaki huko. Kosta iliondoka imesheheni, Alphonce akilalamikia harufu ya kabichi, na darasa likabaki Kwemshai kungoja irudi. Baridi ilishuka. Walikaa barazani wamebanana, na wanawake wale wale waliokuwa na hasira waliwaletea chai na viazi vya kuchemsha.

Elinuru alikaa peke yake karibu na mlango. Bi Nasra alivuta kigoda akaketi jirani naye.

"Bibi," alisema Elinuru, "mlima ukiporomoka tena, mbiu ikalia, watu watakuja? Au watasema ni mtoto anachezea?"

Bi Nasra alivua miwani. Aliifuta kwa ncha ya kanga.

"Wewe ungekaa kimya," alisema, "leo watu wangerudi nyumbani hawajui nani aliwaita wala kwa nini. Mtu wa namna hiyo, siku nyingine akisikia mbiu, kwanza husimama akafikiri. Na mlima haungoji mtu afikiri. Lakini wamejua. Ni kosa, lina jina, lina uso, limelia mbele yao na limebeba kabichi zao. Watakuja, mjukuu wangu. Kosa haliui mbiu. Kinachoiua ni uongo baada ya kosa."

Kisha aliwageukia wanafunzi wote. "Nanyi sikieni. Mbiu si pembe peke yake. Kila mmoja wenu ana neno lake, na watu hukimbia au hutulia kwa ajili ya neno hilo. Usiliite jambo mahali pasipo na jambo. Na ukikosea, simama uliseme mwenyewe, mapema, kabla mwingine hajaadhibiwa kwa ajili yako."

Mwalimu Lusajo, aliyekuwa akisikiliza pamoja nao, aliitikia kwa kichwa.

Taa za Kosta zilionekana zikipanda kutoka barabarani. Bi Nasra alichukua pembe pale juu ya ukuta mfupi, akaipangusa, akamkabidhi Elinuru.

"Uliitoa wewe. Irudishe wewe."

Elinuru aliipokea. Aliishika kwa mikono yote miwili, mbali kabisa na midomo yake, akaingia ndani. Msumari wake ulikuwa palepale, chini, karibu na mlango. Aliining'iniza, akahakikisha kamba imekaa sawa. Kisha akamwita Rahma.

"Hebu nyoosha mkono," alimwambia.

Rahma alinyoosha. Vidole vyake vilifika usawa wa pembe, bila kuigusa.

"Basi," alisema Elinuru. "Iko mahali pake."